Ng'ombe Wako Si Tasa

Ng'ombe wa maziwa huzaa, akakamuliwa vizuri, kisha miezi ikapita asishike mimba tena. Hapo mwenyewe husema, "Huyu ni tasa," akampeleka mnadani, naye mchinjaji akamnunua kwa bei ya nyama. Kwa mfugaji wa Migori au Homa Bay aliye na ng'ombe mmoja tu wa gredi, hiyo ni karo ya watoto iliyopotea.

Mara nyingi kosa si la ng'ombe. Baada ya kuzaa, maziwa huongezeka mpaka kati ya juma la 4 na la 8, bali hamu ya kula hukawia kufika kikomo chake mpaka karibu juma la 10. Upungufu huo mwili huujaza kwa mafuta yake wenyewe. Ng'ombe hukonda, na mwili wenye njaa huacha kwanza kazi ya uzazi: mayai hayapevuki, wala dalili za kutaka dume hazionekani.

Umri nao una sehemu yake. Mtamba asipandishwe kwa kuhesabu miezi tu, bali afikie kwanza kama asilimia 60 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Hata akiisha kuzaa, angali anakua, na chakula chake hugawanyika. Ng'ombe mzee naye, mifupa yake haitoi madini ya chokaa upesi siku za kuzaa; aweza kuanguka kwa homa ya maziwa, na kizazi kikakawia kupona.

Basi yafaa kufanya nini? Mwachishe kukamuliwa siku 60 kabla hajazaa, asiwe amekonda wala kunenepa mno. Akiisha kuzaa, mpe chakula bora: matete yaliyokatwa yangali machanga, chumvi ya madini, na majani ya viazi vitamu, ambavyo Kabondo inavyo tele. Waliojifunza kilimo cha Vuta-Sukuma kutoka kituo cha icipe, Mbita, hupata desmodiamu katikati ya mahindi yao. Nayo hulisha ng'ombe na kuzuia kayongo.

Mimba huchukua siku 280 hivi; atakaye ndama kila mwaka ana siku 85 tu. Mtazame ng'ombe asubuhi na jioni, kwani joto hurudi kila baada ya siku 21. Ikiwa ameshiba na bado hashiki, mwite daktari wa wanyama ampime. Mnada uwe neno la mwisho.