Mbuzi Aliyekula Uwele

Sogeeni, wapwa wangu. Mmoja wenu ameuliza: "Mjomba, mahakama ni ya nani?" Hongera, mwanangu! Swali hilo hata watu wazima wengi hawaliulizi. Lakini leo sijibu mimi. Atajibu mbuzi.

"Mimi ni mbuzi wa Chamwino. Masika yalikuwa yanaisha, uwele umekomaa. Kamba ikakatika. Nikaingia shambani kwa jirani. Nikala. Nikala tena. Mwenye shamba akaja mbio: 'Nilipwe magunia mawili!' Bwana wangu akajibu: 'Mbuzi mmoja hawezi kula magunia mawili! Ng'ombe wa watu nao walipita hapo.' Wazee wa kijiji wakajaribu kuwasuluhisha. Hawakusuluhishika. Basi, tukaenda Mahakama ya Mwanzo."

"Mjomba, mbuzi anaweza kushtakiwa?" Hapana, mpenzi wangu. Anayedaiwa ni mwenye mbuzi. Mbuzi alibaki nje, akitega sikio dirishani.

"Mwenye shamba akaapa, akasema yake. Bwana wangu akaapa, akasema yake. Bibi mmoja shahidi alijua Kigogo tu. Akatafutiwa mkalimani. Kila mtu asikilizwe! Hakuna aliyemkata mwenzake kauli. Nami nikasema, meee."

Sasa tulieni, maana hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Kwa miaka mingi hakimu wa Mahakama ya Mwanzo hakuketi peke yake. Aliketi na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Walikuwa watu wa kawaida, waliojua mashamba na mifugo ya kwao. "Walikuwa wanamsindikiza tu, Mjomba?" La! Walikuwa na kura. Hakimu kura moja, kila mzee kura moja. Wakitofautiana, wengi wape. Wazee wawili wakikubaliana, waliweza kumshinda hakimu. Mnaona, wanangu? Mkulima aliyeamka na jembe asubuhi alishiriki kutoa haki mchana.

"Bwana wangu akashindwa," anasema mbuzi. "Alipe magunia mawili. Akakunja uso. Lakini hakimu akamwambia: 'Usiporidhika, unaweza kukata rufani ndani ya siku 30.'"

"Rufani ni nini, Mjomba?" Umeuliza vizuri. Mama amepepeta uwele kwa ungo. Bibi anauchukua uwele uleule, anaupepeta tena, aone kama kuna mawe yaliyobaki. Kwa kawaida bibi haongezi uwele mpya. Ndivyo Mahakama ya Wilaya inavyofanya: inasoma yaliyoandikwa kule chini, inatafuta kosa. Asiyeridhika bado, huenda Mahakama Kuu. Juu kabisa ipo Mahakama ya Rufani, ambako majaji wasiopungua watatu husikiliza pamoja. Kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo haifiki huko kwa hasira tu. Sharti iwepo hoja ya sheria.

Na ile kesi ya uwele? Mwenye mbuzi alikata rufani. Wilayani waliona hakuna aliyepima hasara yote. Magunia mawili yakawa moja. Mbuzi akafungwa kamba mpya.

"Lakini Mjomba, na kama mwenye shamba angekuwa tajiri?" Haki ileile! Katiba yetu, ibara ya 107A, inaiambia mahakama itende haki kwa wote bila kujali hali ya mtu, tena isiicheleweshe bila sababu ya msingi. Na mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Nilifurahi sana. Mtu atajiteteaje kwa maneno asiyoyaelewa?

"Sisi watoto tunaruhusiwa kwenda kusikiliza?" Kesi nyingi husikilizwa wazi. Za watoto hufanywa faragha, ili mtoto alindwe. Kila mwaka, Januari ikielekea Februari, kuna Wiki ya Sheria, na mahakimu hutoka kuwafundisha wananchi. Mwombeni mwalimu awapeleke. Hapa kwetu Dodoma ndipo yalipo makao makuu mapya ya Mahakama ya Tanzania, yaliyozinduliwa mwaka 2025. Ukifika miaka 18 utapiga kura, utasimama kwenye mkutano mkuu wa kijiji useme. Kabla ya hapo lipo Baraza la Watoto. Ulizeni kama kwenye kata yenu limeundwa. Kama halijaundwa, ulizeni kwa nini. Haya, nani ana swali la kwanza la kumuuliza hakimu? Liandike sasa hivi, usije ukalisahau.