Kadi ya Grafiki Hainunuliwi kwa GB

"Fundi, hii ina GB ngapi za grafiki?"

Swali hili naulizwa na wanafunzi wa chuo, naulizwa na wazazi waliotumwa na watoto wao, naulizwa kwa simu na mtu ambaye tayari yuko dukani Kariakoo, muuzaji kamkodolea macho akisubiri hela. Wapo hata wauzaji wanaoniuliza, na hao ndio wanaonitisha zaidi. Nikisema swali lenyewe halisaidii, mtu anahisi namficha kitu. Basi leo naliandika jibu mara moja, ili atakayepiga simu tena nimtumie ukurasa huu.

GB za kadi ya grafiki zinaeleza ukubwa wa kumbukumbu iliyobandikwa kwenye kadi. Hazisemi chochote kuhusu nguvu ya chipu, wala kasi ya hiyo kumbukumbu. Kadi dhaifu inaweza kubandikwa kumbukumbu nyingi kwa gharama ndogo, hasa ikiwa ni DDR3 ya zamani, na wanaozitengeneza wanafanya hivyo kwa kuwa wanajua mnunuzi ataanza kuuliza nini. Ukiuliza GB, utauziwa GB.

Tuichukue GT 730 ya NVIDIA, maana ndiyo inayouzwa kwa vijana wetu kama "kadi ya gemu". Ilitoka katikati ya 2014, na kazi yake ilikuwa kuonyesha picha kwenye monita, video na mambo ya ofisini. Jina ni moja, lakini chini ya jina hilo zimeuzwa kadi tatu tofauti. Ya kwanza ina kumbukumbu ya GDDR5 na inasoma GB 40 kwa sekunde. Ya pili ina DDR3 yenye njia ya biti 64, na inasoma GB 14.4 kwa sekunde. Ya tatu ina DDR3 yenye njia ya biti 128, GB 28.8 kwa sekunde, na kwa karatasi ungedhani imeizidi ya pili, mpaka ujue kwamba imebeba chipu ya kizazi cha Fermi, usanifu wa 2010, yenye vitengo 96 vya kukokotoa wakati wenzake wana 384. Zile za GB 4 zenye maboksi ya kutisha, nyingi ni za DDR3.

Februari ya mwaka huo huo, NVIDIA hao hao walikuwa wametoa GTX 750 Ti. Ina GB 2 tu. Inasoma GB 86.4 kwa sekunde, ina vitengo 640, inakula wati 60 na haihitaji waya wa ziada wa umeme. Mnunuzi wa GB akizikuta zote mbili kabatini anachukua GT 730, tena anaondoka akijiona mjanja.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, ni ya darasa la saba. Gemu ikienda fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina sehemu moja ya sitini ya sekunde kukamilika. Kadi inayosoma GB 14.4 kwa sekunde, gawanya kwa 60, unapata MB 240. Maana yake ni kwamba ndani ya fremu moja kadi hiyo haiwezi kugusa zaidi ya MB 240 za kumbukumbu yake. Umelipia GB 4, lakini kwa fremu 60 sehemu kubwa imekaa tu haiguswi. Ile GTX 750 Ti ya GB 2 ndani ya muda huo huo inagusa GB 1.44. Ni simtanki la lita elfu tano lililofungwa bomba jembamba kama mrija: ukifungua koki, jirani mwenye pipa na bomba nene amekwisha kuoga.

Na kazi ni kubwa. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Mara 60 kwa sekunde, hizo ni nukta zaidi ya milioni 124, na kila nukta inapitiwa mara kadhaa: umbo, rangi, kivuli, mwanga. Kila pito linasoma na kuandika kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo gemu inapoanza kukwamakwama, na mwenye kadi anarudi dukani kulalamika kwamba "GB 4 hazitoshi, nibadilishie ya GB 8".

Kama bado kuna mwenye shaka, kuna ushahidi ambao NVIDIA wenyewe wametuletea. GT 1030 ilitoka 2017 ikiwa na GB 2 za GDDR5, kasi GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaletwa toleo la DDR4: jina lile lile, GB 2 zile zile, kasi GB 16.8 kwa sekunde. Karibu theluthi moja tu. Anayeuliza "GB ngapi" anapewa jibu moja kwa kadi mbili ambazo hazilingani hata kidogo, na muuzaji wala hajasema uongo.

Najua imani hii inakotoka. Orodha ya mahitaji ya gemu huandikwa jina la kadi na GB zake. EA Sports FC 24, kwa mfano, inaanzia GTX 1050 Ti ya GB 4 au RX 570 ya GB 4. Mtu anasoma nusu ya mwisho ya sentensi, anaondoka na "GB 4", jina la kadi analiacha hapo hapo. Jina ndilo lenye habari nyingi zaidi. Kwa kadi za NVIDIA za miaka hii, tarakimu mbili za mwisho ndizo cheo: 30 ni ya ofisini, 50 ndipo gemu zinapoanzia, 60 ni daraja la kati. Tarakimu za mbele ni kizazi. Ukijua hilo tu, umeshampita muuzaji nusu ya njia.

GB zina umuhimu, sikatai, ila zinakuja nafasi ya tatu. Kadi yenye chipu nzuri na kumbukumbu ya kasi ikiishiwa nafasi, gemu inaanza kuazima kutoka kwenye ram ya kompyuta, na hapo utaona picha inaruka au sura za wachezaji zinabaki na ukungu. Kwa gemu mpya za leo GB 4 zinabana, GB 8 zina raha. Lakini hilo ni swali la kuuliza kuhusu kadi ambayo tayari inafaa.

Kuna ndugu yake imani hii, naye anaishi kwenye laptopu. Muuzaji anafungua dirisha la sifa za skrini, anakuonyesha mstari wa juu: jumla ya kumbukumbu ya grafiki, zaidi ya MB 8,000. "Unaona, kaka, GB 8 za grafiki." Teremsha jicho mstari unaofuata, ule wa kumbukumbu maalumu ya grafiki. Mara nyingi utakuta 128. Mstari wa juu ni Windows inajumlisha na nusu ya ram yako ambayo grafiki *inaruhusiwa* kuazima. Laptopu yenye ram ya GB 16 itaonyesha takriban GB 8 hivyo hivyo, hata kama ndani ina grafiki ya Intel ya kufungulia Excel.

Halafu wapo matabibu wa mitandaoni. Video ya dakika mbili, muziki mkubwa, kijana anakwambia ufungue rejista ya Windows, uende kwenye Intel, utengeneze ufunguo uitwao GMM, uandike thamani ya DedicatedSegmentSize, uweke 512, uwashe upya kompyuta. Kweli, namba inapanda. Ile 128 inakuwa 512, na maoni chini ya video yamejaa shukrani. Kilichobadilika ni namba ambayo Windows inaitangaza kwa programu nyingine, basi. Chipu ni ile ile, ram ni ile ile, kasi ni ile ile. Gemu iliyokuwa inakataa kufunguka kwa sababu inakagua namba hiyo inaweza kufunguka, kisha ikatembea kama kobe. Programu za "kuongeza nguvu ya gemu" nazo ni ukoo huo huo. Nyingine zinakuja na virusi kama nyongeza. Hakuna anayepakua kadi ya grafiki. Ukitaka kweli kuisaidia grafiki ya ndani ya prosesa, ongeza kijiti cha pili cha ram. Kijiti kimoja cha DDR4 3200 kinatoa GB 25.6 kwa sekunde. Viwili pacha vinatoa 51.2. Dawa ndiyo hiyo, na haina muziki.

Mapenzi ya GB yanazaa pia utapeli wa wazi. Zipo kadi zinazoandikwa GTX 1050 Ti GB 4, ndani ni chipu ya GTX 550 Ti ya 2011 iliyobadilishwa programu yake ili ijitambulishe kwa jina la mwingine. Angalia matundu nyuma: chipu za kizazi cha GTX 10 hazitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo "1050 Ti" yenye tundu la VGA la bluu itilie shaka kubwa. Weka GPU-Z kwenye flashi, ni programu ya bure, tangu 2018 inazitambua nyingi za namna hii na kuandika kabisa kwamba ni feki. Na ukikuta RX 580 yenye maneno 2048SP, hiyo si RX 580 kamili. Chipu yake ina vitengo sawa na RX 570. Lipa bei ya RX 570.

Sasa mambo ya kununua, haraka haraka, maana nafasi inaisha na bei siandiki: zinabadilika na dola.

Anza na gemu na monita ulizonazo. Monita ya 1080 haihitaji kadi ya kifahari.

Kama hela ni ndogo kabisa, tafuta mnara wa ofisini wa mtumba, HP au Dell, wenye i5. Chukua ule mnene. Ule mwembamba unapokea kadi fupi tu na pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 240. Nyingi kati ya hizi mashine hazitumii soketi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo usitegemee kubadilisha pawa saplai baadaye. Weka kadi isiyohitaji waya wa umeme: GTX 1650 ukiipata, au GTX 1050 Ti, au hata 750 Ti kwa gemu za zamani kama GTA V ya 2015. RX 6400 inaingia kwenye keisi fupi, lakini inatumia njia nne tu za kuwasiliana na mazabodi, na kwenye mazabodi za zamani inapoteza nguvu.

Usidanganywe na neno i7. i7-2600 ni ya 2011. i3-12100F ya 2022 ina kori nne na nyuzi nane kama yeye na inamwacha mbali. Kizazi kabla ya jina. Tena Windows 10 ilifungiwa huduma 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inatambua rasmi kuanzia kizazi cha 8.

Huna hela ya kadi leo? Ryzen 5 5600G na vijiti viwili vya ram, cheza bila kadi, kadi itakuja mwakani. Unayo ya kutosha? i3-12100F na RX 6600 ya GB 8, umemaliza. Kumbuka tu kwamba herufi F maana yake prosesa haina grafiki ya ndani. Bila kadi hutaona kitu kwenye monita.

Ram GB 16. SSD kwa sababu gemu zitafunguka haraka, ingawa haiongezi fremu hata moja. Taa za rangi na keisi ya kioo, baadaye.

Pawa saplai usibanie. Geuza uisome: kibandiko kikisema wati 500 kwa maandishi makubwa, kisha mstari wa volti 12 ukasema ampea 16, zidisha mwenyewe. Ni wati 192. Ndizo watakazogawana prosesa na kadi, zilizobaki ni maandishi. Na kwa umeme wetu huu wa kuja na kuondoka, UPS ndogo ni sehemu ya bajeti, si pambo.

Ukifika dukani, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la kadi, aina ya kumbukumbu na biti za njia yake, kisha aichomeke na kuiwasha mbele yako, GPU-Z ikiwa wazi kwenye monita. Akikataa kuandika au kuiwasha, rudisha hela mfukoni uvuke barabara.