KUNG'ARISHA SAA YA MKONO ILIYOKWARUZIKA



Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi mtu awezavyo kuitengeneza mwenyewe nyumbani saa yake ya mkono ya chuma iliyoingia mikwaruzo, mpaka ipendeze tena machoni. Kazi hii haihitaji karakana wala mashine, na vyombo vyake ni vichache, tena vya bei ndogo. Walakini yahitaji mambo mawili yasiyouzwa dukani, nayo ni subira na kiasi. Asiye na subira huiharibu saa yake kwa siku moja. Asiye na kiasi huiharibu kidogo kidogo kwa miaka mingi, huku akidhani kwamba anaitunza.

Yafaa tuanze na chuma chenyewe. Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi, akapata chuma kisichoshika kutu. Mwaka uliofuata vita vikuu vilianza, na kabla havijaisha mwaka 1918 askari wengi walikuwa wamezoea kufunga saa mkononi badala ya kuitia mfukoni. Baadaye mambo hayo mawili yalikutana, na chuma kisichoshika kutu kikawa ndicho kasha la saa nyingi za mkono. Aina itumiwayo sana kwa saa siku hizi ina sehemu 16 hadi 18 za madini ya kromi katika kila sehemu 100, pamoja na nikeli na molibdeni kidogo. Kromi hiyo ikikutana na hewa hufanya utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, nao ndio unaozuia kutu. Ukiukwaruza, hujiumba tena wenyewe. Ndiyo sababu twaweza kukisugua chuma hiki bila kuogopa kwamba kesho kitaoza.

Lakini kutoshika kutu si sawa na kuwa kigumu. Katika kipimo cha ugumu kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, almasi ni 10, yakuti ni 9, na kwatsi, yaani ile chembe ing'aayo katika mchanga wa pwani na wa barabarani, ni 7. Chuma cha saa hakifiki 7. Basi kila mara saa igusapo ukuta, meza yenye vumbi, au mchanga ulionaswa katika mkono wa shati, mchanga ndio ushindao.

Sasa tufikilie neno lililo kubwa kuliko yote katika habari hii. Mkwaruzo ni nini? Ni mfereji mdogo uliochimbwa katika chuma. Nasi hatuna dawa ya kuufukia. Mtu anaposema kwamba ameuondoa mkwaruzo, kwa kweli hakuuondoa. Ameondoa chuma chote kilichouzunguka, mpaka uso wote ukashuka kufika chini ya mfereji. Kwa hiyo kila unapong'arisha saa, unaipunguza. Wahenga walisema, "Bandu bandu huisha gogo." Saa iliyong'arishwa mara nyingi huijua upesi: pembe zake zimekuwa butu kama sabuni iliyotumika, maandishi ya kifuniko cha nyuma yamefifia, na yale masikio mawili yanayoshika ukanda yamekonda. Hakuna awezaye kuyarudisha hayo kwa msasa. Ndiyo maana wanunuzi wa saa za zamani hupenda kulipa zaidi kwa saa yenye mikwaruzo yake na pembe zake kamili kuliko saa ing'aayo iliyopoteza umbo lake.

Basi kabla hujagusa msasa, jiulize mambo matatu.

La kwanza, je, saa hii ni ya chuma kweli? Saa nyingi za bei ndogo zimetengenezwa kwa shaba au madini mengine, kisha zikapakwa kromi juu. Tazama nyuma. Ukiona maneno "Stainless Steel Back," fahamu kwamba yanasema habari za kifuniko cha nyuma peke yake. Kasha lenyewe huenda likawa si chuma. Ukilisugua, utaiondoa ngozi ile nyembamba, na shaba itatokea chini, wala huwezi kuifunika tena nyumbani. Kadhalika saa iliyopakwa dhahabu au rangi nyeusi, usiisugue kamwe.

La pili, je, mkwaruzo ni mdogo au mkubwa? Pitisha ukucha juu yake polepole. Ukucha ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo huo waweza kuondoka kwa kazi nyepesi. Ukucha ukikwama, mfereji ni wa kina, na afadhali uuache ulivyo au uupunguze makali tu.

La tatu, je, ni mkwaruzo kweli, ama ni uchafu? Alama nyingi ni mafuta ya ngozi, vumbi na mabaki ya vitu ambavyo saa imegusana navyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Keti mezani, tandika kitambaa cheupe, uondoe ukanda. Jihadhari na zile pini zenye kamani zinazoushika, kwa maana huruka na kupotea. Ukanda wa chuma waweza kuuosha katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kwa mswaki laini. Kasha usilitose, lipanguse kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na kile kitufe cha kutilia ufunguo kiwe kimefungwa sawasawa. Usilipite jambo hili, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyobaki itachimba mifereji mipya wakati wa kusugua. Mara nyingi mtu akisha kuosha huona kwamba saa yake haihitaji kazi nyingine.

Ikiwa bado yahitaji, itazame vizuri katika mwanga wa dirisha. Utaona kwamba chuma chake kina nyuso za namna mbili. Nyingine zang'aa kama kioo cha kujitazamia. Nyingine zina mistari myembamba sana iliyolala upande mmoja, kama nyuzi za kitambaa. Mpaka ulio kati ya namna hizi mbili ndio uzuri wa saa, na ukiuvuruga, kila mtu ataona kwamba imeguswa na mkono usiojua. Basi funika kwa utepe wa karatasi kila sehemu usiyokusudia kuisugua: kioo, pete inayokizunguka, kitufe, na nyuso za namna nyingine.

Vyombo ni hivi: karatasi za msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 na 2000, kipande cha ubao mdogo ulionyooka, dawa ya kung'arishia madini, kama ile inayotumika kwa vitasa vya shaba, na vitambaa laini vya pamba. Usitumie sufi ya chuma ya kusugulia sufuria. Vipande vyake vidogo hujichomeka katika chuma cha saa, kisha vyenyewe hushika kutu, nawe utadhani ni saa inayooza. Tena kabla ya kuanza jifunze kwanza juu ya ubapa wa kisu kuukuu cha mezani. Kisu kikiharibika hakuna hasara kubwa.

Kwa uso wenye mistari, fanya hivi. Zungushia msasa namba 1000 juu ya ule ubao, usiushike kwa kidole kitupu. Kidole ni laini, hukubaliana na umbo la pembe na kuilainisha; ubao hukaa sawa na kuilinda. Weka ubao sambamba na mistari ya zamani, uupitishe kutoka mwanzo mpaka mwisho wa uso, kwa mkono mwepesi, kisha uuinue na kuanza tena pale pale mwanzo. Usiende na kurudi, wala usisimame katikati, kwa maana kila unaposimama huacha alama. Baada ya mara tano au sita, panguza na utazame. Mistari mipya ikiwa myembamba kuliko ile ya awali, chukua namba 600. Mikwaruzo midogo ikisha kupotea ndani ya mistari, acha. Uso wa namna hii ndio wenye huruma kwa mwanafunzi, kwa sababu huficha makosa.

Uso wa kioo hauna huruma hiyo. Ikiwa alama zake ni nyepesi, usitumie msasa hata kidogo. Tia tone la dawa ya madini kwenye kitambaa, usugue kwa kuzungusha dakika chache, upanguse, utazame, urudie. Ikiwa dawa haitoshi, ndipo uanze na msasa namba 1500 uliolowa kidogo, kisha 2000, ukigeuza upande wa kusugua kila ubadilishapo namba, ili uone kwamba mistari ya namba iliyotangulia imekwisha yote. Panguza vizuri kati ya namba na namba. Mwishoni maliza kwa dawa na kitambaa safi.

Habari ya kioo ni mbali. Vioo vya saa nyingi za zamani ni vya plastiki, navyo hung'aa tena kwa dawa laini ya kung'arishia plastiki, au hata dawa ya meno. Kioo cha plastiki usikipanguse kwa spiriti, kwa maana huweza kupasuka nyufa ndogo ndogo. Kioo cha yakuti ni kigumu kushinda dawa hizi zote. Kikikwaruzika, hubadilishwa na fundi.

Nina onyo moja ambalo si la urembo bali la afya. Usifungue saa ya zamani ambayo akrabu na namba zake zilipakwa rangi ya kung'aa gizani. Mpaka miaka ya 1960 saa nyingi zilipakwa rangi yenye radi, madini ambayo hupungua nusu tu ya nguvu zake kwa muda wa miaka 1,600 hivi. Nuru ya rangi hiyo huzimika baada ya miaka michache, lakini sumu yake haizimiki, na unga wake ukivutwa kwa pumzi au kumezwa ni hatari kubwa. Na hata saa mpya, kifuniko cha nyuma kikifunguliwa bila ujuzi, ule mpira unaozuia maji huweza kukaa vibaya, na maji yakaingia.

Ikiwa mkwaruzo ni wa kina, au pembe zimekwisha kuharibika, mpelekee fundi wa saa. Lakini hata hapo, sema neno lako mapema. Baadhi ya mafundi wakipewa saa ya kusafishwa mashine yake huling'arisha na kasha pia, wakidhani wanakupendeza. Ikiwa saa ni ya marehemu baba yako, nawe wataka ibaki na alama alizoziacha yeye, mwambie fundi kabla hujaiweka mezani pake: "Tengeneza mashine, kasha usiliguse." Maana chuma kikisha kuondoka, hakuna malipo yatakayokirudisha.