Mkono wa Bibi Kwenye Unga

Gisozi, nchini Rwanda, katika makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2004 kukumbuka mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, kuna chumba cha watoto. Chini ya picha ya mtoto utasoma jina lake, chakula alichokipenda, na alivyouawa. Mmoja alipenda mayai na chipsi. Kila chakula kilikuwa na mpishi wake, na pengine huyo naye amelala hapo Gisozi, miongoni mwa waliozikwa zaidi ya 250,000. Mauaji ya kimbari huua pia ujuzi uliokaa mikononi mwa wazee, na ujuzi huo hauokolewi na maandishi peke yake.

Wayahudi wanalijua hili. Mkate wao wa Sabato, hala, husukwa kama nywele. Kabla ya kuuoka, mpishi humega kipande cha kinyunya na kukiteketeza, kwa kukumbuka fungu la kuhani lililoagizwa katika kitabu cha Hesabu cha Biblia. Mjukuu anayekanda pamoja na bibi yake hujifunza kwa kubonyeza: kikiwa laini kama ndewe ya sikio, kinatosha. Kuna watakaosema mapishi yaandikwe tu. Yaliandikwa. Katika kambi ya Wanazi ya Theresienstadt, wanawake wenye njaa waliandika mapishi ya nyumbani kwao. Mmoja wao, Mina Pächter, alifia humo mwaka 1944. Karatasi zake zilimfikia bintiye New York miaka kama 25 baadaye, zikachapishwa mwaka 1996. Lakini baadhi ya mapishi yana mapengo: kiungo hakikutajwa, hatua imerukwa. Njaa ilichosha akili, ndiyo, ila naamini pia kwamba waliyaruka yale ambayo mikono yao haikuwahi kuhitaji kuambiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Wanyarwanda wengi hawakubakiwa na bibi. Jibu liko Rwamagana, katika kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom. Anne Heyman alikianzisha mwaka 2008 kwa kufuata mfano wa Yemin Orde, kijiji cha Israeli kilicholea yatima wa mauaji ya Wayahudi. Kila nyumba ina mama mlezi, na wengi wa akina mama wa mwanzo walifiwa na waume au watoto mwaka 1994. Damu si sharti, wala hala si sharti. Isombe ya Wanyarwanda nayo hutwangwa mpaka majani ya muhogo yalainike, na ulaini huo haupimwi kwa saa: mama hutia kidole kinuni, kisha mtoto naye.