Upimaji wa Makosa ya Utendaji katika Ujifunzaji wa Stadi za Mwendo: Mfano wa Kurusha Kamba Kigwena

Makala hii inafafanua kwa nini kipimo kimoja cha kosa hakitoshi kueleza maendeleo ya mtu anayejifunza stadi ya mwendo. Mfano wake ni wa kubuni, nao umewekwa katika ufuko wa Kigwena, kusini mwa mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika.

Tuchukulie kwamba vijana wawili wanajifunza kurusha kamba kutoka mtumbwini hadi kwenye kigingi kilichosimikwa ufukoni. Kamba ikikipita kigingi, kosa ni chanya. Isipokifikia, kosa ni hasi. Katika mitupo minne, kijana wa kwanza anapata +30, +20, +40 na +30, kwa sentimita. Wa pili anapata +30, -30, +30 na -30.

Tukipuuza alama na kutafuta wastani wa ukubwa wa makosa, yaani kosa tupu, wote wawili wanapata 30. Tukizingatia alama, tunapata kosa la mwelekeo: 30 kwa wa kwanza, sifuri kwa wa pili. Mkengeuko sanifu wa mitupo ya kila mmoja kuuzunguka wastani wake ndio kosa la mtawanyiko: takriban 7 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili. Basi wa kwanza ana mkono thabiti ila anazidisha nguvu. Wa pili hana uthabiti.

Mwaka 1973, Schutz na Roy walibainisha kwamba kosa tupu huchanganya mwelekeo na mtawanyiko. Mwaka 1974, Franklin Henry alitetea kosa la jumla, ambalo mraba wake ni jumla ya miraba ya makosa hayo mawili. Hata hivyo, katika mfano wetu kosa hilo ni takriban 31 na 30; nalo pia, likiwa peke yake, linaficha tofauti.

Tahadhari yahitajika pia katika kundi. Mmoja akizidisha kwa 30 na mwingine akipunguza kwa 30, wastani wa mwelekeo ni sifuri, ilhali hakuna aliyelenga. Kwa hiyo alama ya kosa la kila mtu iondolewe kabla ya kutafuta wastani wa kundi.

Athari zake katika ufundishaji ni bayana. Kijana wa kwanza aambiwe apunguze nguvu. Wa pili ahitaji mazoezi ya kurudia mtupo uleule. Mkufunzi anayesoma kosa tupu pekee atawapa wote wawili ushauri mmoja, na mmoja wao hautamfaa.