Umeweka Linux nyepesi na mashini bado iko polepole? Angalia diski kwanza

Ndugu wanafunzi na ninyi mliomaliza masomo, swali hili linarudi kila wakati wa kuandika TFC: "Nimetoa Windows, nimeweka Lubuntu, waliniambia ni nyepesi, lakini laptopu inachukua dakika tatu kuwaka, na LibreOffice inafunguka wakati nimeisha kunywa chai. Kumbe Linux ni uongo?" Hapana, si uongo. Umepunguza mzigo juu ya chukudu, lakini gurudumu ni lile lile bovu.

Lubuntu, au Debian yenye Xfce, inatumia RAM kidogo na haichoshi prosesa. Hiyo ni kweli. Lakini Firefox unayofungua humo ni Firefox ile ile, na LibreOffice vilevile. Kila ukiifungua, mashini inaenda kutafuta vipande vingi vya faili ndogo ndogo vilivyotawanyika kwenye diski. Na diski ya laptopu ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, mara nyingi inazunguka mara 5400 kwa dakika. Ni mara 90 kwa sekunde, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Kichwa cha kusomea kinahama kwanza, halafu kinangoja sehemu inayotakiwa ipite chini yake. Weka milisekunde 15 kwa kila kipande. Kama programu inaomba vipande 3000 vilivyotawanyika, umeisha kupoteza sekunde 45 kwa kutafuta tu. SSD haina sahani wala kichwa. Kipande kimoja inakitoa kwa sehemu ya kumi ya milisekunde hivi. Vipande vile vile 3000, hata sekunde moja haifiki. Siri yote iko hapo, si katika zile namba kubwa wanazoandika juu ya karatoni.

Lakini usikimbie sokoni kwanza. Fungua terminali, andika `lsblk -d -o NAME,ROTA`. Ukiona 1 mbele ya diski yako, ni ya kuzunguka. Ukiona 0, uko tayari na SSD, na ugonjwa uko mahali pengine. Kama jina linaanza na mmcblk na si kadi ya simu uliyochomeka, hiyo ni eMMC, kumbukumbu iliyounganishwa moja kwa moja juu ya bodi. Fundi hawezi kukubadilishia kama anavyobadilisha diski, kwa hiyo chunga pesa zako. Baadaye, wakati unafanya kazi yako ya kawaida, andika `free -h` na uangalie mstari wa Swap. Ukikuta umejaa sana, RAM ndiyo haitoshi, na mashini inatumia diski sawa vile RAM. Mimi ninashauri hivi: ukiwa na GB 4 za RAM, nunua SSD. Ukiwa na GB 2 na kuna nafasi ya kuongeza, anza na RAM. Ukiweza vyote viwili, laptopu ya miaka kumi itakushangaza.

Sasa, SSD gani? Watu wengi wanapotelea hapa, juu muuzaji atakuambia "NVMe ndiyo ya mbio zaidi". Ni kweli, lakini si kwa mashini yako. Tuchukue ThinkPad X220 ya mwaka 2011. Nafasi yake ya diski inapokea SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Ile ya milimita 9.5 haiingii vizuri. SATA yake inafika karibu MB 550 kwa sekunde. Laptopu za mwaka 2008 au 2009 ziko na SATA ya kizazi cha pili, kama MB 270 hivi, na watu wanauliza kama si kupoteza pesa kuwekea SSD humo. Hapana! Rudi kwa hesabu ya vipande 3000: faida kubwa iko katika kutafuta, si katika kumimina. Kwa hiyo SSD ya SATA ya kawaida inatosha, na kuongeza dola kwa ile ya "mbio sana" ni bure.

Kama laptopu yako ni mpya kidogo na ina nafasi ya M.2, chunga jambo moja. M.2 ni umbo tu. Ndani ya umbo hilo kuna za SATA na kuna za NVMe, zinafanana sana kwa macho, na nafasi nyingine zinakubali aina moja tu. Tafuta modeli kamili chini ya laptopu, soma kile inachokubali, ndipo utoe pesa.

Kwa ukubwa, GB 240 zinamtosha mwanafunzi, hata 120 kama filamu zako ziko pengine. Usiijaze mpaka juu. SSD iliyojaa inakuwa nzito kuandika. Na wale wanaoogopa kwamba SSD "inaisha": ni kweli inaisha, lakini piga hesabu. Kuna SSD za bei ya chini za GB 240 ambazo mtengenezaji anazitolea dhamana ya kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 10 kila siku, ni siku 8000, zaidi ya miaka 20.

Hatari ya kweli kwetu ni mbili, na hakuna hata moja inayoandikwa juu ya karatoni.

Ya kwanza ni diski za uongo. Mtu anakuuzia "SSD ya TB 2" bila jina la kiwanda, kwa bei inayofurahisha. Ndani kuna chipu ya GB 32 au 64 iliyofundishwa kusema uongo. Faili za kwanza zinaingia vizuri, unafurahi, unaita wenzako. Zikipita uwezo wake wa kweli, faili zinabaki majina tu, au za mpya zinafuta za zamani. TFC inaweza kwenda hivyo, na hakuna fundi wa kuirudisha. Dawa ni programu inayoitwa f3: unaweka diski ikiwa bado tupu, unaijaza kwa `f3write`, unaisoma kwa `f3read`, inakuambia ni GB ngapi ziko kweli. Inachukua muda, lakini fanya siku ya kwanza, muuzaji akiwa bado anakukumbuka.

Ya pili ni umeme. Laptopu nyingi za zamani hazina tena betri, zinaishi kwa chaja tu. Umeme ukikatika wakati SSD inaandika, SSD za bei ya chini hazina akiba ya kumalizia kazi. Mfumo wa ext4 unajitahidi kujiponya, lakini kile ambacho hakikuhifadhiwa kimekwenda. Tena diski ya zamani ikitaka kufa mara nyingi inapiga kelele, inakuwa nzito, unapata siku za kunakili. SSD inaweza kuzima mara moja, asubuhi haionekani kabisa. Ukiwa na pesa zinazobaki, betri ndiyo ifuate.

Kuhamia ni rahisi. Usihangaike na Clonezilla kama diski mpya ni ndogo kuliko ile ya zamani. Kwa kawaida itakataa. Nakili faili zako kwanza, weka Linux upya, rudisha. Halafu `sudo systemctl enable --now fstrim.timer`, ili kila wiki SSD iambiwe ni sehemu zipi zimefutwa. Kwa Ubuntu na ndugu zake, hiyo imewashwa tayari.

Na ile diski ya zamani usiiuze. Ipime kwa `sudo smartctl -A /dev/sda`, ukiweka herufi ya diski yako. Mistari ya Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector ikiwa na 0 mwishoni, nunua kisanduku cha USB, uiweke humo. Kwa USB 2.0 itanakili kama MB 30 kwa sekunde, si mbio, lakini TFC yote pamoja na picha zake itapita kabla hujafunga begi. Nakili kila jioni, halafu ichomoe ibaki pembeni, mbali na laptopu.