Keti Kwanza, Uhesabu: Bustani ya Lupango Kabla ya Mvua

Somo: Luka 14:28-30



Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza anaketi, anahesabu kama ataweza kumaliza. Ndivyo ilivyo bustani ya lupango. Kwetu Lubumbashi mvua hushika mwezi wa 11. Anayengoja inyeshe ndipo atafute jembe, amekwisha kuchelewa.

Tunakumbuka mwaka 2024. Ukame uliipiga Zambia, na serikali yake ikautangaza kuwa janga la taifa. Unga wetu mwingi hupitia Kasumbalesa, basi bukari ikawa ghali. Bustani ndogo haitatupa unga wa mwaka mzima. Lakini franka tusizotoa kwa mboga zitabaki kwa unga.

Kwanza, tulishe udongo. Tangu mwezi wa 8 tuchimbe shimo, tutie maganda, majani na mbolea ya kuku. Tunyunyize maji, tugeuze kila baada ya juma mbili. Mvua ikifika, mbolea imeiva. Udongo wetu mwekundu una asidi. Majivu kidogo ya makala huupunguzia ukali.

Pili, tuchague mahali: penye jua, karibu na kisima, mbali na choo. Tuinue matuta, maana mvua ya mwezi wa 1 ikituama huozesha mizizi. Mpangaji asiye na nafasi apande katika gunia. Tusilete udongo wa mabaki ya migodi. Kobalti na risasi huingia ndani ya majani, na kupika hakuziondoi. Mavumbi ya juu tuyaoshe vizuri.

Tatu, tugawanye mbegu. Mwaka jana tulipanda lengalenga zote siku moja. Juma mbili tulikula hata tukagawia majirani. Juma la tatu tukarudi sokoni na kikapu kitupu. Safari hii tutapanda tuta moja kila baada ya juma mbili. Matembele na sombe, zinazochumwa muda mrefu, zikae pembeni.

Juma hili, baba, mama na watoto waketi pamoja, wahesabu: tunakula mboga mara ngapi, tuta ngapi zitatosha, nani atamwagilia. Tuta moja liwe la mjane aliye jirani. Tuandike hayo kwenye karatasi, kisha tupige magoti tuombe mvua, shimo la mbolea likiwa limekwisha kuchimbwa.

Bwana abariki kazi ya mikono yenu.